Makasha, Miembe na Maswali ya Wazee: Jiokashi na Watoto Kigoma

Mchezo huu tuliletewa na shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, aliyekuwa masomoni Ujerumani. Alirudi likizo, tukampikia ugali na migebuka, na mikono haijakauka akawa ameshawaita wanangu watatu waione simu yake. Kwenye ramani ya mji alikokuwa akiishi, vidoti vya kijani vilikuwa vimejaa hata barabara hazionekani. Kila kidoti, aliwaambia, ni kasha ambalo mtu amelificha. Kazi yako ni kulifuata kwa GPS, kile kipima mahali cha kwenye simu, mpaka ulipate, uandike jina lako kwenye kidaftari kilichomo, kisha ulirudishe palepale ulipolikuta. Akaisogeza ramani mpaka ikafika kwetu Kigoma. Vidoti vikawa vya kuhesabu, na kati ya kimoja na kingine kuna nauli ya maana. Kitinda mimba akauliza kwa nini kule ni mengi na kwetu hakuna. Shemeji akamjibu, "Kwa sababu hamjaficha."

Jiokashi, hilo ndilo jina la mchezo, ni mdogo kiumri kuliko mimi. Mpaka mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayowafikia raia, hivyo kifaa kingeweza kukupotosha kwa mita 100 hivi, na kwa kipimo hicho huwezi kutafuta kikopo. Uvurugaji ulipozimwa, wiki haikuisha. Dave Ulmer wa Oregon akaweka ndoo msituni karibu na Beavercreek na kuwatangazia wenzake mtandaoni koodineti zake, yaani namba za kuonyesha mahali ilipo. Ndani mlikuwa na vitabu, pesa kidogo, manati na kopo la maharage, na sharti lilikuwa anayechukua kitu aache kitu. Leo makasha yamepita milioni 3 duniani. Katika habari yote hiyo wanangu walishika manati tu, wakaamini kila kasha lina manati ndani. Walikuja kusononeka, maana mengi ni vikopo vidogo visivyo na kitu zaidi ya karatasi ya kusaini.

Niseme mapema kuhusu pesa, kwa sababu watu huambiwa mchezo huu ni wa bure. Programu yenyewe ni ya bure, kweli, na ukijiandikisha bila kulipa unacheza, ingawa kwenye simu makasha mengine hayafunguki mpaka ulipie uanachama. Sisi hatujalipa mpaka leo na hatujaona pengo, kwa uchache wa makasha ya huku. Pesa inaliwa na njia. Tunakaa Mwanga. Watu watano kwenda Ujiji kwa daladala na kurudi, bodaboda mbili za kumalizia, maji ya chupa, mihogo ya kukaanga kwa sababu mmoja ana njaa na wawili wanamwiga, halafu ndala ikatike. Jumamosi ya kwanza nilirudi na pochi tupu, na kasha lenyewe hatukuliona. Siku hizi tunaunganisha. Tukiwa na safari ya kumsalimia mama mkubwa wao Ujiji, au tukienda Kibirizi kununua dagaa, ndipo tunapita kutafuta. Safari ya kasha peke yake tumeifuta nyumbani kwetu.

Bando halihitajiki kiasi watu wanavyodhani. GPS ya simu inasoma setilaiti bila intaneti. Kinachotaka bando ni picha ya ramani na maelezo ya kasha. Pakua vyote nyumbani usiku, kisha ukifika zima data. Betri ndiyo adui. Mwanga wa skrini ukiwa juu na GPS ikiwa kazini, simu iliyojaa chaji asubuhi inaweza kulegea kabla ya adhuhuri, na simu yenyewe ndiyo hiyohiyo ya kumpigia bodaboda akurudishe. Beba pawabenki, au acheni simu moja imezimwa mfukoni.

Kwenye namba nitakaa kidogo, maana ndipo familia nyingi huanza kugombana. Koodineti za mchezo huu huandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali, kwa mfano S 04° 54.600 E 029° 40.500. Hiyo nimeibuni tu, lakini inaangukia maeneo ya Ujiji. Kifungua mimba wangu, aliye kidato cha pili na anayejua kila kitu, alizichukua namba za aina hiyo akaziingiza kwenye ramani ya kawaida ya simu kwa kuunganisha tarakimu: -4.54600, 29.40500. Ramani ikatuweka katikati ya Ziwa Tanganyika, mbali magharibi ya hifadhi ya Gombe. Baba watoto akauliza kama tukodi mtumbwi. Dakika zinatakiwa zigawanywe kwa 60 kwanza: 54.600 inakuwa 0.91, na 40.500 inakuwa 0.675, kwa hiyo unaandika 4.91 na 29.675. Halafu ile S. Ramani nyingi huitaka kama alama ya kutoa mbele ya namba. Ukiisahau unavuka ikweta, na kwa namba zetu za Kigoma unaangukia Sudan Kusini. Mtoto wa kati, wa darasa la sita, ndiye aliyeshika hesabu hii upesi kuliko sote, na tangu hapo ndiye mwenye namba. Nilipoona anagawanya kwa 60 kichwani ilhali shuleni desimali zilikuwa zinamtoa machozi, nilijua hata ile nauli haikupotea yote.

Na usiiamini simu mpaka kwenye unyayo. Tarakimu ya mwisho kwenye koodineti ni kama mita 2 ardhini, lakini simu yenyewe inaweza kukosea mita kadhaa kila upande, na zaidi ukiwa chini ya mti mnene au pembeni ya mwamba. Mshale utazunguka. Ukifika kwenye mita 10 weka simu mfukoni utumie macho: mahali gani hapa wewe ungeficha kitu? Watoto hulijibu swali hilo haraka kuliko sisi. Baba watoto hakulikubali. Alikuwa anaufuata mshale mbele, nyuma, mbele, akiuzunguka mwembe kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Na kuzunguka huko ndiko kulikotuletea ya Ujiji.

Mahali penyewe sitapataja. Ni mtaa wa kawaida, mwembe mkubwa, ukuta wa zamani wa udongo, wazee wawili wanacheza bao na wa tatu anawatazama, muuza kahawa na birika lake. Tulishuka kwenye bodaboda tukaenda moja kwa moja kwenye mti. Baba watoto ameshika simu mbele ya kifua, kifungua mimba anapekua mizizi kwa kijiti, wa kati anasoma kidokezo kwa sauti, na mimi nimemshika mdogo asiingie barabarani. Salamu hatukutoa. Katika maelezo ya mchezo tulikuwa tumesoma kwamba asiyecheza asijue unachotafuta, kwa hiyo tulijifanya tunapunga upepo.

Watu watano wanapunga upepo huku mmoja anapima mti kwa simu!

Walianza watoto kusogea, wakafuata akina mama waliokuwa wakichambua dagaa, kisha kijana mmoja wa bodaboda akasema kwa nguvu kwamba hao wanapima viwanja vya watu. Mwingine akamsahihisha: hiyo si ya viwanja, hiyo ni mashine ya rupia za Mjerumani. Asiyetoka huku pengine hajui uzito wa neno hilo. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, vita ikaanza mwaka huohuo, na Wajerumani walipoondoka 1916 waliizamisha meli yao waliyoiita Graf von Götzen, hii tunayoiita Liemba. Meli ilikuja kuibuliwa na bado tunayo. Lakini mahali ambapo watu walizamisha meli nzima, nani atakuzuia kuamini kwamba walizika na pesa? Wapo wanaozitafuta kwa kuchimba, na mtaa ambao umewahi kuachiwa mashimo hauna subira na mtu anayepekua mizizi.

Mzee mmoja aliacha kete zake akaja. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuniangalia, macho yako kwenye simu.

"Mnatafuta nini, mwanangu?"

Baba watoto akajieleza, na alivyojieleza ndivyo alivyozidi kutuzamisha. Alisema kuna kikopo kimefichwa hapa. Kina karatasi. Kwenye karatasi kuna majina ya watu. Sisi tunataka kuongeza yetu, kisha tukirudishe kilipofichwa.

Pakawa kimya. Nikayasikia maneno yale kwa masikio ya mzee. Majina ya watu, yameandikwa kwenye karatasi, yamefungwa ndani ya kopo, kopo limefichwa chini ya mti wa mtaa wa watu. Mtu mzima wa pwani ya ziwa hili atafikiria nini? Mama mmoja akamvuta mwanawe nyuma. Kitinda mimba wangu akaanza kulia. Mtu akatumwa kumwita mwenyekiti wa mtaa, na sisi tukaambiwa tukae kwenye benchi, kwa heshima, lakini tukae.

Tuliokolewa na kijana wa miaka kama tisa hivi, mjukuu wa mzee yuleyule. Alikuwa amesimama kwa nyuma akisikiliza. "Kile kikopo?" akasema. "Kipo kule kwenye tundu la ukuta." Akaenda, akapenyeza mkono, akakitoa. Kopo la plastiki la mfuniko wa kubana, limepauka kwa jua. Ndani mlikuwa na kidaftari, penseli fupi, gololi, kifungo cha shati na kibati chenye namba. Alikuwa akikijua siku zote, na gololi, akakiri, ilikuwa yake: alichukua kigari akaacha gololi. Hakuna aliyemfundisha sharti la Dave Ulmer.

Mwenyekiti alipofika alikuta mzee ameshavaa miwani anasoma majina kwa sauti, na kila jina geni linaangusha kicheko. Akasoma na ukurasa wa kwanza wenye maelezo, ulioandikwa kwa Kiingereza, wa kati akimfasiria. Mwenyekiti akatuuliza vitambulisho, akaandika majina yetu kwenye daftari lake yeye, na akatuambia siku nyingine tuanzie ofisini kwake. Kisha kahawa. Mzee alinisemesha pembeni: "Mngeuliza tu. Sisi tunakaa hapa kutwa nzima."

Hapo ndipo nilipoachana na kitabu cha huo mchezo. Kujificha kwa majirani kunaweza kufaa kwenye miji ambayo mtu hamjui anayekaa mlango wa pili. Huku kwetu mti una wenyewe, ukuta una wenyewe, na benchi lina watu wanaojua kila bodaboda iliyopita tangu asubuhi. Ukijificha unawapa kazi ya kukugundua. Tangu siku ile tunafika, tunasalimia, tunasema tulichokuja kufanya kwa maneno mepesi: watoto wanacheza mchezo wa kutafuta kikopo kwa simu, hatuchimbi, hatuchukui kitu cha mtu. Sentensi ya kutochimba ina nguvu, na kwa bahati ndiyo sheria ya mchezo wenyewe: kasha haliruhusiwi kufukiwa bila idhini ya mwenye ardhi. Simu tunampa mtoto aishike. Mtu mzima akiishika inakuwa upimaji. Mtoto akiishika inabaki mchezo. Utamu umepungua? Kifungua mimba anasema ndiyo, maana mara nyingine mtu anakunyooshea kidole kabla hujatafuta. Mimi naona umeongezeka.

Liko jambo jingine ambalo halina mjadala. Kigoma ni mkoa wa mpakani, Burundi huku na Congo ng'ambo ya ziwa. Stesheni, bandari, kambi na ofisi za serikali si mahali pa kuzunguka na simu ukipekua pembe za kuta, hata kama una kitambulisho cha taifa mfukoni, na kitambulisho chenyewe usikiache nyumbani. Tukiona kidoti kimekaa karibu na mahali pa namna hiyo tunakiacha, na watoto wameshazoea jibu la hapana bila maelezo.

Ya porini ni mengine. Miamba ya kando ya ziwa ina nyoka, wakiwemo swila wa majini, na kila tundu linalofaa kuficha kopo linawafaa na wao. Kwetu mkono hauingii tunduni kabla ya fimbo na tochi, na anayeingiza ni mtu mzima. Viatu vya kufunika, hata kama ni raba za shule. Siafu watakukuta umesimama unaangalia skrini. Mdogo alivuliwa suruali njiani mbele ya watalii na hajatusamehe. Ngedere nao ni mafundi wa mifuniko. Ndiyo maana chakula hakiruhusiwi ndani ya kasha, wala kitu chenye harufu, hata sabuni.

Kutopata kunauma watoto kuliko nilivyotegemea. Nyumbani kulikuwa na zogo kuhusu kuandika "hatukupata" kwenye programu, kifungua mimba akiona ni aibu ya hadharani. Lakini mwenye kasha anategemea taarifa hizo ajue kama limeibiwa. Tuliweka utaratibu: tukifika tunatafuta kwa muda wa kikombe cha chai, tunapumzika, tunarudia mara moja, tunaondoka. Mwenye shida na utaratibu huo hakuwa mtoto hata mmoja. Baba watoto akikosa kitu hawezi kulala, na jioni moja Bangwe aling'ang'ana mpaka giza likaingia, karabai za wavuvi wa dagaa zimeshaanza kuwaka ziwani, mdogo amesinzia mgongoni kwangu na bodaboda hakuna. Tulirudi kwa miguu hadi barabara kubwa bila kusemezana. Kama nyumbani kwako yupo wa namna hiyo, kubalianeni saa ya kurudi kabla hamjatoka, na saa hiyo ishikwe na mtu mwingine.

Sasa kile kibati chenye namba. Mdogo alikichukua siku ile ya Ujiji badala ya kifungo, akaacha kibanio cha nywele, akakitundika kwenye begi la shule. Tulidhani ni zawadi. Miezi ikapita, kisha ukaja ujumbe kwenye programu kutoka kwa mtu wa Ulaya akiuliza kwa upole kama kibati chake ni kizima. Vibati hivyo havibadilishwi kwa kitu. Vinasafiri kutoka kasha hadi kasha, kila anayekibeba anaiingiza namba yake kwenye mfumo, na mwenyewe anafuatilia safari akiwa nyumbani kwake. Mtoto alilia, tukamweleza kwamba yeye ni dereva tu. Shida ni kwamba kwa uchache wa makasha yetu, kituo kinachofuata si mtaa wa pili. Tuliamua kiende Tabora, kwa sababu likizo ya Juni tulikuwa tunakwenda kwa bibi yao.

Ile safari ya treni ilikuwa bora kuliko makasha yote. Usiku kucha mdogo alikishika kibati mkononi. Nikawasimulia kwamba Stanley alipompata Livingstone Ujiji mwaka 1871, waliondoka pamoja Desemba wakafika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, Februari 1872. Karibu miezi 2, kwa mtumbwi na kwa miguu, kwa safari tunayoilala usiku mmoja. Wa kati akauliza walijuaje njia bila koodineti. Kifungua mimba, bila kuinua kichwa, akasema, "Waliuliza watu."

Tabora ina somo lake, nalo ni nyuki. Mkoa ule ndio wa asali, misitu ya miombo imejaa mizinga, na nyuki hawatofautishi mzinga wa kuchongwa na pango la mti lililoandaliwa na Mungu. Tulifuata kidoti kwenye njia ya vumbi hadi mti wenye shimo usawa wa kifua. Mjomba wao, mwenyeji, alitusimamisha hatua kadhaa kabla, akatunyamazisha, akasikiliza. Kwa mbali kulikuwa na mngurumo. Tulirudi nyuma taratibu, bila kukimbia na bila kupunga mikono, na bado kifungua mimba alidungwa sikioni. Tukaandika "hatukupata, kuna nyuki", na safari hii hakubisha. Kibati tulikiweka kwenye kasha jingine siku iliyofuata, na mwenyewe akatutumia shukrani ndefu. Kilikaa hapo muda, kisha mtu akakibeba kwenda Mwanza. Watoto bado wanakifuatilia.

Kuficha kasha letu wenyewe ndiko kulikofuata, na humo kuna kazi zaidi kuliko kutafuta. Lazima uwe na ruhusa ya mwenye mahali. Lazima liwe mita 161 au zaidi kutoka kasha jingine, ingawa huku hilo si tatizo. Kabla halijatokea kwenye ramani, mkaguzi wa kujitolea hulipitia. Na lazima ukae karibu ulitunze. Mgeni wa wiki moja haruhusiwi kuficha na kuondoka. Koodineti zichukue kwa siku tofauti, ukilikaribia kutoka pande tofauti, kisha utafute wastani. Sisi tulipima mara moja tukiwa na haraka, na mtafutaji wa kwanza akatuandikia kwamba tumemwingiza chooni kwa jirani.

Kasha la kwanza tuliliweka kati ya mawe ufukweni, kwa idhini ya mwenye eneo. Ziwa likalichukua. Maji ya Tanganyika yamepanda sana miaka hii, na fukwe nilizochezea mimi nikiwa mtoto zimo chini ya maji. Tulipaswa kuangalia alama ya maji ya masika na kupanda juu zaidi. La pili tuliliweka kwenye kisiki njia ya Mwandiga, nalo mchwa walikula daftari lote wakatuachia jalada la nailoni. Tukaacha kisiki, tukaenda kwa mama mmoja mwenye duka barabara hiyohiyo. Tulimweleza mchezo mzima, akacheka sana, akatupa pembe ya baraza lake nyuma ya mtungi. Kopo ni lile gumu la kubana kwa pande nne, elfu chache sokoni. Daftari limo ndani ya mfuko wa nailoni, na tuliweka penseli badala ya kalamu, kwa sababu wino unaenea karatasi ikipata unyevu na kalamu za huku hukauka kwa joto.

Daftari la kwanza lilijaa kabla mgeni yeyote hajafika. Mwenye duka alikuwa anawaambia wateja wote, na watoto wa mtaa walikuwa wakisaini kila wakitumwa chumvi. Baadhi yao wana sahihi za aina nne. Nilitaka kukasirika, nikakumbuka ni baraza la nani. Sasa yapo madaftari mawili, la mtaa na la wageni. Watalii waliokuwa wakienda Gombe walipokuja, alijifanya hajui kitu mpaka walipotafuta vya kutosha, akawavutia viti, akawauzia soda. Ameshaniomba kasha kubwa zaidi, lenye rangi.

Kifungua mimba ameacha kuja. Ana marafiki zake na mpira, na kutembea na mama Jumamosi kumeanza kumtia haya. Akija ni kwa ajili ya namba ngumu tu. Baba watoto anakuja wakati simu yake ina chaji. Waliobaki wa kudumu ni mimi, wa kati na mdogo, na mama wa duka tukimhesabu.

Kasha la dukani tumelisimamisha kwa muda kwenye mfumo, kwa sababu baraza linavuja na masika hayajakata. Tutalifungua Juni. Ukifika Mwandiga kuanzia hapo, msalimie mwenye duka kwanza, naye usimuulize kasha liko wapi, maana atakuambia. Na ukiwa na penseli ya ziada mwachie, iliyokuwemo imeshakwenda shule.